Oili

Kioo cha pikipiki ni kidogo, lakini hakisengenyi:
kinakwambia usoni.
Pale gereji ya Makorora kila kioo nilichofunga
kilinionyesha pua yangu kwanza,
barabara baadaye.

Pua kama mkate ulionyunyiziwa habasoda.
Ikifika saa nne paji limeshang'aa,
ungeweza kukaangia dagaa,
na nikijifuta kwa kiganja sikujua
mafuta yapi yangu, yapi ya injini.

Basi nikanawa kwa sabuni ya unga,
ile tunayotolea grisi mikononi,
mara nne kwa siku, kwa gunia.
Uso ukakakamaa hata kucheka kukauma,
na baada ya saa moja mafuta yakarudi
yameleta na jamaa zao.

Mwinjuma akasema: ndimu.
Mwinjuma kila kitu ni ndimu,
kikohozi, betri, mke aliyenuna.
Nikajipaka saa sita, jua la Tanga limesimama wima,
nikalala chali juu ya boksi nikingoja uzuri.
Jioni dada yangu Kidawa alinifungulia mlango,
akaniangalia, akashusha taa.
"Uso si chuma, weye. Nani kakwambia utoe kutu?"

Kidawa huuza viungo Ngamiani, barabara ya kumi na mbili.
Vipimo vyake ni vifuniko vya soda,
na anajua jani lipi lina hasira.
Siku saba hakunigusa ila kwa mshubiri:
alilivunja jani nyuma ya bafu,
ute ukachuruzika shavuni
baridi kama sakafu ya msikiti.

Halafu mwarobaini. Yarabi, mwarobaini!
Majani mabichi kwenye sufuria,
mimi nimeinama, kanga kichwani,
na sauti yake nje ya lile giza la moto:
"Bado. Bado. Unakwenda wapi? Bado."
Uchungu niliusikia kwa pua,
nikazikumbuka homa zangu zote za utoto,
na vinyweleo vikafunguka kimoja kimoja
kama maduka baada ya swala ya Ijumaa.

Kisha unga wa dengu, tone la maji ya waridi,
na liwa. Kile kijiti cha mama
kimebaki urefu wa kidole gumba;
alikisugua juu ya jiwe bila haraka, kama anayekionea huruma.
Akaongeza manjano.
Hapo alikosea, au alikusudia, mpaka leo hasemi.

Kesho yake gereji nzima ilisimama.
"Bwana harusi!" akapiga kelele Semkiwa kutoka chini ya bajaji.
Wakanipigia spana kama matari.
Mteja wa Pongwe akanipa mkono wa heri,
akauliza mahari ilikuwa ngapi.
Nikafunga breki zake kwa uso wa rangi ya biriani.

Alasiri mtu akasukuma pikipiki iliyogoma.
Nikafungua. Kavu, hata tone.
"Oili umeipeleka wapi?"
"Ilikuwa inachafua, fundi. Nikaona niimwage yote."
Nikaanza kumkaripia kama ninavyowakaripia wote:
injini ukiikausha inajitafuna,
oili si uchafu, kaka,
uchafu ni ile iliyoganda ndani, nayo haitoki kwa kugombana,
hutoka kwa kupashwa moto taratibu na

nikanyamaza.
Kioo kilikuwa mbele yangu,
na ndani yake mtu wa manjano
ananisikiliza.

Siku hizi nanawa asubuhi na usiku, maji ya vuguvugu.
Alhamisi mvuke. Liwa nikikumbuka, manjano marufuku.
Habasoda chache zimebaki penye mkunjo wa pua,
tunajuana.
Saa nne paji linang'aa kidogo,
nami nalifuta kwa kile kitambaa laini
ambacho miaka yote niliwatunzia
matangi ya wateja.